Ruksa ya Kwenda Kisiwani

Kijiwe chenyewe kiko nyuma ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, pale harufu ya dagaa na harufu ya kahawa zinapogombania pua moja. Jioni ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Ndalahwa alikaa katikati ya benchi. Walimwita Nahodha, kwa kuwa ana mtumbwi anaokodisha kwa wavuvi. Kwamba hajawahi kuupanda hata mara moja, hiyo ilikuwa siri yake na Mungu wake. Kulia alikaa Jovinary, mwalimu mstaafu aitwaye Profesa. Kushoto Owiti mwenye redio, yaani Bibisi. Nahodha alikuwa na jambo. Binti yake Odeta alitaka kwenda na vijana wa kanisa kupiga kambi kisiwani, bila hata hema, wakivuka kwa vitumbwi vya plastiki vya mtu mmoja mmoja. Kiongozi wao angepita jioni hiyo kuchukua jibu. Nahodha alikuwa akitafuta sababu ya kukataa, ilimradi isiwe ile ya kweli.

— Wanakwenda kufanya nini huko? aliuliza Profesa.

— Kulala chini, alisema Nahodha. Kuwasha moto kwa vijiti.

— Mbona shemeji yangu anaishi hivyo kwenye kambi ya dagaa miaka yote! alisema Bibisi.

— Shemeji yako ana shida, alisema Profesa. Hawa wanapenda. Ndiyo maendeleo.

— Halafu hivyo vitumbwi nimeviona, aisee, alisema Bibisi. Hupandi, unakivaa. Kinakubana kiunoni kama suruali ya mtumba. Na kasia lina vichwa viwili!

— Mchagua jembe si mkulima, alisema Profesa kwa uzito.

— Profesa, hilo ni kasia.

— Na mvuvi si mkulima. Methali imetimia.

Nahodha aliiweka moyoni ile ya suruali. Binti wa kanisa, suruali! Sababu hiyo ilikuwa na miguu ya kusimamia.

— Sikilizeni, Bibisi alishusha sauti. Siku hizi kila kitu ruksa. Viwanda vinauzwa. Visiwa vitabaki? Wanapeleka watoto wakazoee, mnunuzi akija akute walinzi wapo tayari.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Profesa. Leo kisiwa, kesho ziwa, keshokutwa watatuuzia maji kwenye chupa.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Maji kwenye chupa! Hata uongo una mipaka.

— Mimi naona ni sangara, Nahodha alichochea. Ameshazijua nyavu zetu. Sasa wanamtafutia chambo kipya.

— Chambo cha kanisa! alisema Bibisi.

— Tena kilichobatizwa, alisema Profesa.

Hapo akatokea Amondi, kiongozi wa vijana, Odeta nyuma yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Nimefuata jibu, baba Odeta.

Nahodha akalimwaga ghala lote: suruali, mnunuzi, sangara. Amondi alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

— Nimewasikia, wazee wangu. Vijana wote tumewafundisha kuogelea, na kujitoa kitumbwi kikipinduka. Odeta anawashinda wenzake. Ila nyinyi mnaoogopa kwa niaba yao, nani kati yenu anajua kuogelea?

Profesa alichungulia kikombe. Bibisi aliongeza sauti ya redio, ambayo haikuwa na betri.

— Mjibu, Nahodha! alisema Bibisi.

Nahodha alijikumbuka kwenye kivuko cha Busisi, anavyobaki ndani ya basi amefumba macho, abiria wakidhani anasali. Akamtazama binti yake. Odeta naye alimtazama kwa huruma, kama anayejua siku nyingi.

— Nenda, mwanangu, alisema.

Kisha akamvuta kando, mbali na benchi.

— Ukirudi utanifundisha. Kule ufukweni nyuma ya mawe, hawa wasikofika.

— Nyuma ya mawe kuna kina kirefu, baba.

— Basi mbele ya mawe. Lakini alfajiri.