Nafasi Tupu Katika Blanketi la Weris

Assalamu alaikum warahmatullah. Mimi ni Rukiyo Abdiwali, mdogo wake marehemu, na kwa kawaida sisi hatusomi karatasi msibani, tunasoma Qur'ani na kuomba dua, lakini majirani zetu na walimu aliofanya nao kazi, ambao hawajui Kisomali, wameomba wasikie maisha yake, na Sheikh Hamze amesema hakuna ubaya mradi nisitie chumvi, kwa hiyo nitasoma polepole, mnivumilie, sijalala vizuri tangu mwezi wa Shaabani.

Dada yangu Weris Abdiwali Mursal alizaliwa Balambala, karibu na mto Tana, na kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1969, kama vitambulisho vya wengi wetu hapa, lakini mama yetu Bishara alituambia kwamba alizaliwa katikati ya mvua za masika, tunazoziita Gu, maziwa yakiwa mengi, na Weris mwenyewe alipenda kusema kuwa serikali ilimzeesha miezi minne bila kumuuliza.

Aliingia darasa la kwanza hapo Balambala Januari 1977, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983 na kupita vizuri, lakini mwaka uliofuata ukame ulimaliza mifugo ya baba, tukahamia Garissa mjini tukiwa na mbuzi sita na sufuria moja kubwa, na nafasi yake ya sekondari ikapotea njiani, wala sikumsikia akiilalamikia.

Mwaka 1986 alijifunza cherehani kwa mama mmoja wa Soko Mugdi, akashona sare za shule na diraa za maharusi kwa miaka zaidi ya ishirini, kisha kuanzia Februari 2012 hadi Desemba 2018 alifundisha ushonaji Dadaab, katika shirika moja la misaada, na wasichana wa kambini walimwita Mwalimu Rula, kwa sababu alimrudisha mtu afumue mshono mzima kwa kosa la upana wa punje ya mchele.

Ndoa yake na Shueb Deeq, dereva wa lori la maji, ilifungwa Ijumaa tarehe 17 Agosti 1990, na Mwenyezi Mungu akawajalia Salah, tarehe 9 Machi 1993, na Kowsar, tarehe 22 Juni 1998, ambaye sasa ni mwalimu Wajir, na katikati yao mtoto wa kiume aliyeishi siku kumi na moja. Kila Idd Weris alimshonea Salah shati kwa mkono wake, tangu akiwa wa kubebwa hadi alipoota ndevu, na vijana wenzake wa malori walipomcheka kwamba mtu mzima bado anapimwa kifua na mama yake, aliwajibu kwamba wao mashati yao yamepimwa kifua cha Mzungu aliyeyatupa.

Tarehe 29 Mei 2019, Ramadhani ikiwa inaelekea mwisho, lori lilipasuka gurudumu katika barabara ya Hulugho na kupinduka, na Shueb na Salah, ambaye alikuwa msaidizi wa baba yake, wakafariki pamoja, wakazikwa siku hiyo hiyo. Shati la Idd lilikuwa limeshashonwa, la samawati hafifu, bado vifungo, likining'inia nyuma ya mlango.

Hapa nieleze kosa langu, kwa sababu bila hilo maisha yake ya miaka sita iliyofuata hayaeleweki. Siku ya tatu ya msiba, Weris akiwa amelazwa chumbani hajui asubuhi wala jioni, mimi nilikusanya nguo zote za Shueb na Salah, kama tunavyofanya, nikazitoa sadaka, zikapelekwa Dadaab kwa familia zilizofika mpya, na pamoja nazo nikatoa lile shati la samawati, kisha nikafagia chumba ili wageni wapate pa kukaa, na vipande vya kitambaa hicho vilivyobaki chini ya cherehani nikavitupa jalalani. Sikumuuliza. Nilidhani ninampunguzia mzigo, na watu walinisifu kwamba nimeuweza msiba. Alipoamka alitazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya cherehani, kisha akaniomba maji ya kutawadha, na kuhusu shati lile hakutamka neno, siku hiyo wala siku nyingine.

Alikaa eda miezi minne na siku kumi, na ilikuwa katika eda hiyo ndipo alipovuta gunia lililokuwa nyuma ya cherehani, ambalo sisi sote tulidhani ni la takataka, kumbe alikuwa ameweka humo mabaki ya kila nguo aliyowahi kuishonea nyumba yake, na akayajua yote kwa kuyashika, hili la Idd ya Salah ya kwanza, hili la kikoi cha Shueb, hili la yule mtoto wa siku kumi na moja. Akakata vipande vya mraba, akaanza kuviunga juu ya blanketi kuukuu la Shueb, kwa sindano ya mkono, kwa sababu cherehani, alisema, inakimbia na yeye hana nguvu ya kuikimbiza. Mshono mmoja, Subhanallah moja, pumzi moja. Mimi niliogopa kwamba anawang'ang'ania wafu, nikaenda kumshitaki kwa Sheikh Hamze, naye akaniuliza kama anaswali, nikasema anaswali, akauliza kama anakula, nikasema tangu aanze kushona anakula, akaniambia basi rudi nyumbani ukampikie.

Eda ilipokwisha, jirani yetu Hadiyo, aliyempoteza binti yake katika uzazi, alikuja na dera la binti huyo kwenye mfuko, akaketi, na baada yake wakaja wengine, hata kutoka Dadaab, kila Jumamosi baada ya Alasiri kwenye baraza hii mnayoiona. Weris hakumwambia mtu yeyote asilie wala hakumwambia alie, aliwaambia tu watazame sindano, na asiyetaka kusema asiulizwe. Kuna mama alishona miezi mitatu bila neno, siku ya kwanza kufungua mdomo akasema chai imekosa sukari, na baraza nzima ikacheka hadi wakajifuta machozi kwa viraka.

Katikati ya blanketi lake mwenyewe Weris aliacha nafasi moja, upana wa kiganja, Hadiyo akamtania, "Weris, hapo umemwachia paka dirisha?" naye akajibu, "Iacheni, itakuja siku yake." Mimi niliijua nafasi hiyo, au nilidhani ninaijua. Mara mbili mwaka 2021 nilipanda gari hadi Dadaab kulitafuta shati la samawati, nikiwakazia macho vijana wa watu vifuani hadi mzee mmoja akaniuliza kama mimi ni mama mtu mzima kweli, na sikulipata. Kila Jumamosi niliwaletea chai, nikaiweka chini, nikaondoka, na Hadiyo alipochoka kunitazama alinifokea, "Rukiyo, kaa chini, sindano haiumi kama unavyoiogopa," nikasema sijui kushona. Miaka minne nilisema sijui kushona.

Agosti 2024 chakula kilianza kumkwama, Novemba madaktari wa hapa Garissa wakagundua saratani ya umio, Januari 2025 tukampeleka Nairobi akapigwa mionzi mara ishirini na tano, na blanketi lilikwenda naye, akashona kitandani hadi wagonjwa wa jirani wakaomba nao kipande. Kuanzia Julai sauti ilipotea kabisa. Nilimlisha kwa mrija, nilimgeuza, nilimwogesha, na katika siku zote hizo maneno ya kumwomba msamaha yalifika kooni yakakaa hapo, kama chakula chake.

Jumanne tarehe 9 Septemba, baada ya Adhuhuri, alinionyesha kwa kidole kwamba anataka mkasi, nikampa, nikadhani ni wa uzi. Alivuta ncha ya shashi niliyojifunga kichwani, hii kuukuu ya kahawia ninayopikia, akakata kipande, akakipima kwa kiganja, akakiweka juu ya ile nafasi tupu. Akashona upande mmoja, ilimchukua hadi Alasiri, mishono kumi na tisa, nimeihesabu. Kisha akanishika mkono, akanifunga vidole kwenye sindano, akafumba macho. Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, tukamzika siku hiyo kwa sanda yake nyeupe, na kina mama walipouliza kama jeneza lifunikwe na blanketi, ilibidi niseme halijakwisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Garissa na Nairobi, majirani wa Bulla Iftin mliotuletea maji na uji bila kuhesabu siku, walimu na wanafunzi wake wa Dadaab, kina mama waliomwosha, na wale wa Jumamosi, ambao baraza ni yenu bado. Kama Weris alimkosea yeyote aliyepo hapa, hata kwa kumfumulia mshono, tunaomba mumsamehe.

Nami sitasema kwamba nimesamehewa, hilo halimo mikononi mwangu, lakini jana baada ya Alasiri nilikaa pale anapokaa Hadiyo, nikashona upande wa pili, mishono yangu ni mirefu na imepinda, Mwalimu Rula angeifumua yote. Zimebaki pande mbili. Jumamosi ijayo nitakuwepo, na chai ataleta mwingine.

Pumzika sasa, abaayo, dada yangu, katika amani ya Mola wako. Sindano ninayo mimi.