Bi. Lornah Nasipwondi na Pleya Iliyokataa Kufungwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Lornah Nasipwondi, fundi mkuu wa mitambo hapa Ukingo FM, atatundika funguo za studio kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho. Amekitumikia kituo hiki kwa miaka ishirini na minne. Karibu sote tulimkuta hapa, na wachache waliomtangulia walishastaafu, kwa hiyo hakuna aliyebaki anayeweza kutuambia Ukingo ilikuwaje bila yeye.

Alizaliwa Kimilili, akasomea umeme na elektroniki katika chuo cha ufundi mjini Kisumu, kisha akafungua kibanda cha kutengeneza redio pale Kondele, mjini humo humo. Waanzilishi wa kituo walimfuata huko kwa sababu walikuwa wamenunua mtambo wa mitumba wa kurushia matangazo, nao ulikuwa bubu. Aliutengeneza mchana mmoja, akaombwa arudi kesho yake kuhakikisha bado unafanya kazi. Kesho hiyo ndiyo imeendelea mpaka leo.

Ametuvusha kutoka kaseti hadi CD, na kutoka CD hadi kompyuta, bila kulalamika na bila kuficha kwamba kaseti alizipenda zaidi. Mwaka ambao wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi wakajaa ndani ya mtambo mpaka ukazimika, alivua soksi zake ndefu, akazifunga kwenye matundu ya hewa, akaendelea na kazi miguu mitupu. Soksi za aina hiyo sasa zimo katika bajeti ya ufundi, na mkaguzi wa hesabu huuliza kila mwaka ni za nini.

Lakini anayetaka kumjua Mama Fundi, kama tunavyomwita, lazima asikie habari za pleya.

Pleya ni programu ya kompyuta inayocheza nyimbo na matangazo yetu. Ukingo imekuwa na kadhaa, na kila moja imekuja na tabia zake. Ugonjwa wao mkubwa ni mmoja: hazipendi kufungwa. Unabonyeza pale pa kufungia, zinaganda. Unazifungua upya, kumbe ile ya kwanza bado ipo. Kuna mtangazaji mmoja, ambaye leo ni baba wa watoto wanne na hatutamtaja, aliyeona pleya inachelewa akaibonyeza na kuibonyeza tena kwa hasira. Ilipozinduka ilicheza tangazo la ng'ombe aliyepotea Ahero kwa sauti saba kwa pamoja, zikipishana kidogo kidogo. Mwenye ng'ombe alipiga simu kutuomba tuwaambie watu kwamba aliyepotea ni mmoja tu.

Sisi wengine tukikwama tulikimbilia vidole vitatu, yaani vile vitufe vitatu vya kuiua programu kwa nguvu. Mama Fundi hakuvipenda. Alivuta kiti, akaitazama skrini kwa muda kana kwamba anamngoja mgonjwa aseme panapouma, kisha akauliza swali ambalo kila mfanyakazi wa Ukingo analijua kwa moyo: "Huyu hajakataa. Ameshika kitu. Ameshika nini?" Mara nyingi ilikuwa flash ambayo mtu alikuwa amechomoa bila kuaga. Mara nyingine ilikuwa wimbo uliofutwa huku pleya bado inautafuta. Akimwondolea kinachomsumbua, pleya ilijifunga yenyewe taratibu.

Tulidhani hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Ndipo likaja jambo la mwaka 2022.

Wakati huo palikuwa na mtangazaji mgeni, msichana wa Manyatta aliyekuwa bado katika miezi ya majaribio ya kazi. Siku ya mazishi ya marehemu Mwalimu Ogola, aliyefundisha nusu ya watu wanaotusikiliza, Ukingo ilirusha ibada moja kwa moja kutoka nyumbani kwake upande wa Asembo. Msichana alikuwa studio. Alicheza wimbo mmoja wa benga, muziki wetu wa gitaa, kusubiri sauti ya kutoka Asembo, akafunga pleya, akaipokea ibada. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjane, Mama Milka, alipoanza kumuaga mumewe. Katikati ya maneno yake likaingia gitaa. Baada ya gitaa ikaja sauti ya mwanamume akimsifu mwanamke mwenye kiuno.

Msichana aliangalia skrini ili aifunge pleya, lakini hapakuwa na pleya ya kufunga. Skrini ilikuwa tupu na wimbo unaendelea. Sauti ya mazishi nayo ilikuwa inaingia kupitia kompyuta hiyo hiyo, kwa hiyo angekata wimbo angemkata na mjane. Akaketi pale akilia, wimbo ukacheza mpaka ukaisha.

Kesho yake shemeji wa mjane, Mzee Ogola, alifika kituoni na fimbo yake. Hakukaa hata alipopewa kiti. "Ndugu yangu amelala hapo kwa sanduku, na nyinyi munatuwekea ngoma ya kiuno?" alimuuliza meneja wetu, Bw. Walter Mukhwana. "Huyo msichana aende. Hata leo aende." Bw. Mukhwana ni mtu wa haki, lakini alikuwa na ukoo mzima mlangoni. Alisema uamuzi utatolewa Ijumaa.

Msichana alieleza kwamba aliifunga pleya. Aliwaeleza wote, na wote walimwitikia kwa upole ule unaoonyesha kwamba hawaamini. Kompyuta haisemi uongo, ndivyo tulivyofikiri. Mama Fundi peke yake ndiye aliyemuuliza aliona nini. Akajibu kwamba hakuona kitu, skrini ilikuwa tupu. Baadaye Mama Fundi alituambia kwamba hapo ndipo alipomwamini, kwa sababu mwongo angesema pleya iligoma au iliganda, jambo ambalo limeshatupata sote. Huyu alisema kitu ambacho hata hakikumsaidia.

Akaanza kuitafuta hitilafu. Alicheza wimbo, akafunga pleya, ikafungika. Alibadilisha waya, akatafuta virusi, akaiondoa pleya na kuiweka upya, akacheza wimbo ule ule wa kiuno mpaka mpishi wetu akaukariri. Kila alipofunga, ilifungika kama mtoto mtiifu. Alhamisi alikwenda kwa meneja akasema ukweli mtupu: "Sijaipata. Lakini hiyo haimaanishi haiko." Tulimwonea huruma. Tulijua pia kwamba msichana alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake, kikombe na kanga ya kujifunika baridi ya studio.

Alhamisi hiyo hiyo mchana Mama Fundi alimwita msichana akamkalisha kwenye kompyuta. "Sasa fanya vile ulifanya hiyo siku," alimwambia. "Si vile unafikiria mimi nataka."

Msichana akacheza wimbo. Akaweka mkono kwenye kipanya, akatulia. Dakika zikapita, mkono uko pale pale, haubonyezi.

"Mbona unangoja?"

"Madam, wimbo haijaisha."

Sisi tuliokuwepo tulimwona Mama Fundi akifunika mdomo kwa kiganja. Wasikilizaji wa Ukingo, asiyewajua aambiwe, hawavumilii benga kukatwa. Utamu wa benga uko mwishoni, gitaa linapoachiwa. Ukiukata hapo, simu zitalia kutoka Kondele hadi Usenge. Kwa hiyo kila mtangazaji wetu hufundishwa siku ya kwanza kwamba wimbo huachwa ukaisha ndipo ufunge. Lakini Mama Fundi ni fundi. Siku zote alizokuwa akijaribu, alicheza kipande, akafunga, akacheza kipande, akafunga. Hakuwahi kuuacha hata mmoja ufike mwisho.

Wimbo ukaisha. Msichana akabonyeza, pleya ikatoweka kwenye skrini. Tukangoja. Hakuna kilichotokea, na mmoja wetu akaanza kuinuka. Kisha, kutoka kwenye skrini tupu, gitaa likaanza.

Hitilafu ilikuwa hapo. Pleya ile ilikuwa imewekewa mpangilio wa kuunganisha nyimbo, ule unaofanya wimbo wa pili uanze kabla wa kwanza haujamalizika kabisa. Ukifunga katikati ya wimbo, hakuna neno. Ukifunga mwishoni, tayari imeshika wimbo unaofuata, na dirisha linajifunga huku wimbo ukibaki ndani umejificha, hadi baada ya muda unajitokeza. Pleya hufungwa kwa nadra tukiwa hewani, na wakongwe waliozoea kukata nyimbo bila adabu hawakupatwa na lolote. Aliyepatwa ni yule aliyengoja kwa heshima.

Wengine wangeridhika kumweleza meneja. Mama Fundi alisema waliokosewa wako Asembo, na wao ndio wa kuelezwa. Asubuhi ya Ijumaa aliichomoa kompyuta ya studio, akaifunga kwa leso, akaipakata ndani ya gari la kituo njia nzima, meneja mbele na msichana kando yake. Akaiweka juu ya meza nyumbani kwa marehemu, akaunganisha spika, akawaomba wazee wakae. Alisema hatawaeleza kitu, wataona wenyewe. Kisha akaucheza wimbo wa kiuno.

Aliucheza wote. Fikiria ua wa matanga, wazee wamekaa kwa uso wa msiba, na benga inalia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bw. Mukhwana anasema aliomba ardhi ipasuke. Lakini gitaa la mwisho lilipoachiwa, mguu wa Mzee Ogola ulikuwa unagonga chini, naye mwenyewe hajui. Wimbo ukaisha. Mama Fundi akafunga pleya, akainua mikono juu ili wote waone haigusi chochote. Kimya. Kisha wimbo wa pili ukaanza kutoka kwenye skrini tupu, na Mzee Ogola akainuka akaenda kuangalia nyuma ya kompyuta kama kuna mtu.

Siku hiyo, kwa ruhusa maalumu, Mama Fundi alitumia vidole vitatu.

Mama Milka ndiye aliyezungumza kwanza. "Mimi nilisikia hiyo ngoma kwa redio ya jirani nikasema, hawa watu wananicheka," alisema. "Kumbe mtoto alikuwa anangoja wimbo iishe. Hata Mwalimu alikuwa hataki wimbo ikatwe. Alikuwa anaweza kukufukuza kwa nyumba." Akamvuta msichana akamkumbatia. Mzee Ogola alisafisha koo mara kadhaa, akasema mtoto arudi kazini, na kwamba kompyuta isiondoke kabla haijanywa chai. Akamshika Mama Fundi mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Ero kamano," yaani asante. Mama Fundi, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akijibu Kidholuo kwa Kibukusu na kueleweka, alimshukuru pia.

Waliporudi, aliuondoa mpangilio ule wa kuunganisha nyimbo. Tangu siku hiyo kila wimbo wa Ukingo unapoisha, kuna kimya kidogo kabla mwingine haujaanza. Vituo vingine havina. Meneja alihofia wasikilizaji watadhani tumezimika, akataka urudishwe ule mpangilio wa zamani. Mama Fundi alimjibu kwa maneno mawili: "Wacha ipumue." Kimya hicho kimebaki, na siku hizi wasikilizaji wetu wanasema ndicho kinachowajulisha kwamba wamefungulia Ukingo.

Angeweza kujivunia mengi: mtambo uliosimama wima katika mvua zote, mafundi aliowafunza walioenea hadi Busia na Homa Bay, miaka yote hii bila hata siku moja ya kuacha hewa tupu kwa uzembe. Yeye anasema anajivunia soksi. Anarudi Kimilili, kwenye migomba yake na wajukuu ambao tayari wamempangia simu za kutengeneza.

Kawaida anayeandika wasifu wa namna hii hujiweka pembeni, nami nimejitahidi. Lakini yule msichana wa Manyatta ni mimi. Kikombe changu bado kiko studio. Kila siku ninapoingia hewani nakumbuka kwamba palikuwa na chumba kilichojaa watu wazuri ambao hawakuniamini, na mtu mmoja aliyevuta kiti, akaniambia nifanye vile nilivyofanya, akanitazama mpaka mwisho. Nashangaa hadi leo. Sijui kama mimi ningekuwa na subira hiyo kwa mtu nisiyemjua.

Mama Fundi, Ijumaa saa tisa nitakuchezea ule wa kiuno. Hakuna atakayeugusa. Utaisha wenyewe, na kimya chako kitafuata, nasi tutasimama ndani yake kukushukuru. Nenda salama, ule vizuri, uishi miaka mingi yenye afya na raha. Sisi wa Ukingo tunakupenda.

Bridget Nangila
Mtangazaji, kipindi cha mchana