Koplo Isaiah Shikanga, Aliyezikwa Bila Isukuti

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu na meko. Akina mama mnaochambua mboga, endeleeni tu, mikono haizuii masikio. Leo tunamkumbuka Koplo Isaiah Shikanga wa hapa karibu na Sigalagala. Alizikwa Jumamosi iliyopita. Alizikwa bila isukuti, ngoma yetu ya mashujaa, na bila fahali hata mmoja. Nilikuwepo. Nimemwomba Mungu wiki nzima anitulize moyo, lakini kinyaa hakijaniisha, na sitawaficha.

Isaiah alikuwa askari wa kutibu. Wenzake walishika bunduki, yeye alishika mkoba wa dawa na bandeji. Mama yake, Mama Roda, anasema alianza zamani.

"Kuku akivunjika mguu, mimi nasema tupike," aliniambia. "Yeye anamfunga kijiti. Tulikuwanga na kuku viwete watatu hapa nyumbani, na hakuna wa kuwala!"

Mwaka wa 1993 Isaiah alikuwa Yugoslavia na askari wetu wa kulinda amani. Aliyenisimulia ya huko ni Chrispinus Makhanu wa Chekalini, sajenti mstaafu mwenye mguu mmoja. Asubuhi moja makombora yaliangukia shamba la mahindi mbele ya handaki lao. Watu wakabaki wamelala huko nje, wanalia. Isaiah akatoka. Akarudi na mmoja mgongoni. Akatoka tena.

"Nilimwambia, Shikanga, wewe ni wazimu, kaa chini," anasema Chrispinus. "Akanijibu, afande, yule pale anaita mama yake. Nikikaa, nitamsikia mpaka nizeeke."

Alileta watu kumi na mmoja. Chrispinus, aliyetoka kumfuata kombora likamkata mguu, alikuwa wa tisa. Watatu kati yao walikuwa wa upande uliokuwa ukiwapiga. Alipomlaza wa kumi na moja, yeye mwenyewe alikuwa na kipande cha chuma kifuani. Narudia, wasikilizaji: watu kumi na mmoja, na hakufyatua risasi hata moja.

Chuma hicho kilikaa kifuani miaka minne. Mwezi huu kimemwua. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Sasa tuje matangani. Kwa desturi yetu shujaa huletewa mafahali, wakazungushwa kaburini huku isukuti inalia. Mama Roda aliomba hilo moja tu. Chrispinus akasimama na gongo lake, akaeleza yote niliyowaeleza. Ndipo Mzee Lijodi, anayesimamia mafahali wa kijiji, akauliza bila hata kuinuka, sahani mkononi:

"Aliua wangapi?"

"Hakuua, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hiyo ni kazi ya nesi. Isukuti haipigiwi mtu wa kufunga vitambaa. Tena nasikia alibeba adui mgongoni kama mtoto!"

Wanaume wakacheka. Mbele ya jeneza, wasikilizaji, wakacheka. Mate yalinijaa mdomoni, nikatamani kuyatema. Mume wangu, Mungu amrehemu, alipigiwa isukuti kutwa nzima, na vita pekee alivyopigana ni vya kilabuni.

Mama Roda hakulia. Aliinuka polepole.

"Chrispinus mwanangu, umehesabu vibaya. Si kumi na mmoja. Ni kumi na wawili. Wa kumi na mbili ameketi hapo kwa kiti, anakula kuku wangu."

Kila mtu alijua. Mwaka jana, kwenye mchezo wa kupiganisha mafahali, pembe ilipasua mguu wa Mzee Lijodi chini ya goti. Wale wanaume wote wa kupiga kelele walikimbia. Isaiah, na kifua chake kibovu, aliingia katikati ya mafahali wawili. Akavua shati, akaufunga ule mguu, akambeba mzee mgongoni. Kama mtoto.

Mzee Lijodi aliweka sahani chini. Akavuta suruali, kovu likafunikwa.

Mafahali hawakuletwa. Mama Roda akaenda nyuma ya nyumba, akafungua ng'ombe wake mmoja, akamshika kamba, akaja naye kaburini.

Mtu akapaza sauti, "Mama Isaiah! Hiyo si ni ya maziwa?"

"Ndiyo. Ya kwenu ya pembe imelisha nani?"

Akazunguka kaburi. Chrispinus akafuata na gongo lake. Sisi akina mama hatuguzi isukuti, basi tukachukua vifuniko vya sufuria na miko, tukapiga mpaka mkono ukaniuma. Mzee Lijodi aliondoka mapema. Aliondoka kwa miguu yake miwili.

Mama Roda, kama unanisikia, pole. Poleni nyote wa ukoo wa Shikanga. Mungu aliyemhesabu Msamaria kuwa jirani hatauliza mwanao aliua wangapi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjazima redio, kila mmoja atazame kovu alilo nalo mwilini. Kuna mtu aliyelifunga. Mtaje jina, tena mbele za watu, akiwa bado anasikia. Isaiah hasikii tena. Na yule aliyevuta suruali, ajue sisi wengine tuliliona.