Nukuu za Mume Hazihesabiki

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wanasayansi mliotoka mbali, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na imeniomba nisome taratibu kwa sababu marehemu hakumvumilia mtu anayebabaisha maneno.

Dada alizaliwa tarehe 11 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, na kabla hajatimiza miaka minne alikuwa ameshabandikwa jina la Kwanini, kwa kuwa ndilo neno alilotumia asubuhi, mchana na jioni, hadi baba akimwona anakuja anajifanya amesinzia juu ya cherehani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, mkabala na kiwanda cha sabuni, akapita sekondari ya wasichana, akahitimu udaktari mwaka 1983, na baada ya masomo ya juu ya virusi akaajiriwa tarehe 1 Machi 1988 katika taasisi ya utafiti, kwenye maabara ya ghorofa ya chini yenye dirisha moja lililotazama maegesho ya magari, wakati ambapo wodi za jirani zilikuwa zimejaa wagonjwa wa UKIMWI na dawa hakuna, naye akaapa kujua kirusi kile kinajificha wapi mwilini.

Mwaka 1991 alichapisha makala yake kubwa ya kwanza, akakaa kusubiri walimwengu wainukuu, maana mtafiti hupandishwa cheo kwa kuhesabiwa mara anazotajwa na wenzake, akasubiri sana, na wa kwanza kuinukuu alikuwa mtafiti mmoja wa chuo kingine, mrefu, mwenye miwani mizito, aliyejaza kurasa kumi na mbili kueleza kwamba dada amekosea. Dada alijibu, yule bwana akalijibu jibu, na kwa kuwa kila alipomponda ilibidi amtaje, dada akawa anawaambia wenzake maabara, "Huyu mtu hamalizi ukurasa bila jina langu, sijui mkewe anamwelewaje." Walipokutana mkutanoni, kwenye foleni ya chai, alimuuliza swali hilo hilo uso kwa uso, naye akajibu kwa sauti ya chini, "Sina mke, Daktari." Walifunga ndoa tarehe 1 Oktoba 1994, wakibishana mpaka mlangoni mwa ukumbi, na mwaka 1996 wakajaliwa binti, ambaye leo ni fundi umeme na hajasoma hata makala moja ya wazazi wake, akidai alizisikia zote mezani.

Balaa lilikuja mwaka 1999 alipoomba uprofesa, kwani kamati ya vyeo ilipekuapekua ikaona zaidi ya nusu ya nukuu zake zinatoka kwa bwana yule yule, na mwenyekiti akamwambia bila kupepesa macho, "Daktari, nukuu za mume hazihesabiki." Dada alirudi nyumbani, akautupa mkoba kwenye kochi, akamwambia shemeji, "Afadhali ungebaki adui," na shemeji, ambaye kubembeleza hakujaaliwa, akamjibu, "Hoja yako ya tatu bado naipinga," na kwa wiki nzima wazazi wale walizungumza kupitia kwa mtoto wa miaka mitatu.

Mwaka 2003 friji ya maabara ilikufa, na damu za watoto wachanga zilizoletwa kutoka zahanati za mbali kupimwa UKIMWI zikawa zinaharibika huku mama zao wakisubiri majibu, basi dada, akiwa anamngoja fundi wa friji, aliandika kurasa mbili tu za kueleza namna ya kudondosha damu kwenye karatasi nzito, kuikausha kivulini na kuifunga isiharibiwe na joto wala unyevu. Mtindo wa karatasi ulikuwepo tangu zamani, lakini maelezo yake yalikuwa mepesi kiasi kwamba muuguzi yeyote aliweza kuyafuata, na kurasa zile zikanukuliwa huku na huko kuliko kazi zake zote zikijumlishwa, na tarehe 7 Agosti 2006 akawa profesa, akapokea pongezi amenuna, akisema, "Nimehangaika na kirusi ujana wangu wote, wamenipa cheo cha friji mbovu."

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na siku moja daktari kijana alikuja kumchukua damu kwa karatasi, akamtuliza, "Usiogope mama, njia hii iliandikwa na profesa mmoja wa zamani, nadhani ameshafariki," dada akamjibu, "Bado, lakini naelekea huko, na tone lako ni dogo mno."

Alifariki tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono, katikati ya ubishi ambao shemeji anasema yeye ndiye aliyekuwa anashindwa, na kwa mara ya kwanza hakutamani kuushinda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokubali kusahihishwa na mgonjwa, majirani waliovumilia mabishano ya kibarazani, wafanyakazi wenzake, na zaidi ya wote akina mama waliokubali visigino vya watoto wao vichomwe sindano, maana watoto wale waliowahi dawa leo wamekua, wengine wameketi hapa wamepakata watoto wao, na hao hakuna kamati iliyowahi kuwahesabu.

Dada yetu, hoja zako tumezikubali zote, pumzika sasa kwa amani.