Vigoda vya Mama Igga

Familia inawasalimu nyote mliofika hapa Malakia, waliotangulia kukaa na wanaotafuta pa kukaa.

Marehemu Lilly Kiden alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kajo Keji, mtoto wa nne wa mzee Jubek, akasoma shule ya msingi Moyo, Uganda, wakati wa ukimbizi wa kwanza, akaishia darasa la tano, si kwa ujinga, ila karo ilikuwa ya kaka zake, na kaka zake wanajua walichoifanyia.

Aliolewa na marehemu Yangi tarehe 6 Desemba 1975 hapa Juba, Mungu akawajalia Igga, Janet na Levi, akabaki mjane mwaka 1991, akawalea wote ukimbizini Adjumani, Uganda, akarudi nao Oktoba 2005, amani ilipokwisha kutiwa saini.

Januari 2006 alianza kuuza chai soko la Konyo Konyo, na maneno yakaanza siku hiyohiyo. Kiden alitamani kitu kimoja, kuvaa kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama kanisani, lakini mwenyekiti wao, Mama Teresina, ambaye yuko hapa na anasikia, alisema mwanamke wa heshima hakalishi waume za watu kwenye vigoda asubuhi na mapema, Kiden akajibu kwamba wangekalishwa vizuri kwao asingewaona, akakataliwa mara ya pili kwa ajili ya jibu hilo.

Agosti 2008 Mama Teresina alifiwa na mumewe, waombolezaji wakajaa, viti hakuna, akatuma mtu sokoni, Kiden akafunga biashara, akapakia vigoda vyote kwenye mkokoteni, akachemsha chai mpaka matanga yakaisha, na wale walioapa hawatakalia vigoda vya muuza chai, miguu ilipochoka walikaa, wengine wakaomba kikombe cha pili.

Kitambaa alivalishwa Jumapili, tarehe 14 Septemba, na Jumatatu akaenda nacho sokoni, alipoambiwa kitachafuka kwa moshi akasema sabuni ipo.

Kisukari kilimshika mwaka 2009, maana chai yake aliinywa tamu kuliko ya wateja, Januari mwaka huu alipiga kura ya uhuru wa Kusini ameshikwa mkono na Janet, akarudi akicheza, akafariki tarehe 2 Aprili 2011, alfajiri, saa yake ya kuwasha makaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wauza chai wenzake waliofunga biashara leo, na Mama Teresina, aliyemfunga kitambaa hicho kwa mkono wake jana, kikiwa na harufu ya moshi.

Vigoda mlivyokalia ni vyake, msiinuke kwa aibu, kaeni. Pumzika kwa amani, Mama Igga, nyoosha miguu, leo chai tunachemsha sisi.