Joto la Droo ya Saba

Benchi la Mama Kahawa liko mkabala na geti la nyuma la hospitali, lile la mochwari, na wateja wake wamelizoea geti hilo kama wanavyozoea duka la jirani. Asubuhi hiyo Fundi Baridi, anayetunza mafriji ya humo ndani, alikaa pembeni ameikodolea macho simu yake, inayomwonyesha joto la kila droo ya maiti. Alikuwa ameambiwa hadi adhuhuri awe amechagua aina moja ya sensa, kifaa cha kupima joto, kwa droo zote, iunganishwe na mtambo unaorekodi, la sivyo kazi apewe mwingine. Droo nyingine zote zilisoma nyuzi nne. Ya saba, tangu jana jioni, ilisoma kumi na moja, na roho ya Fundi haikutulia hata kidogo.

— Umeuziwa feki, alisema Redio, mshona viatu asiyejua kunyamaza.

— Nimeshabadilisha, bwana. Nimetoa sensa ya nyaya, nikaweka ya shanga, ile yenye kipunje nchani. Kumi na moja vilevile.

— Basi weka ya platinamu. Bei yake inauma, lakini haidanganyi.

— Sasa hizi mbili zimekaa kikao zikakubaliana kudanganya?

Mama Kahawa akammiminia kikombe.

— Labda mlango umeachwa wazi, mwanangu.

— Mlango siugusi, mama. Sisi mafundi tunapitishia waya kwenye tundu la nyuma. Mbele ni kwa wahudumu, nao wanafungua ndugu wakija tu.

Hapo Profesa, dereva wa teksi aliyepewa jina hilo kwa kueleza asiyoyajua, akakohoa.

— Sensa ni nzima. Kuna watu hawapoi upesi. Huyo amekufa na homa yake, na homa haijaambiwa.

— Homa wapi! Redio akadakia. Huyo amekufa katikati ya ugomvi. Hasira ya mtu mzima unaweza kuchemshia chai.

Wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, lakini macho yake yalirudi kwenye simu.

— Tena joto lenyewe halikai mahali pamoja, alisema kwa sauti ya chini. Tazameni mstari huu. Unapanda kidogo, unashuka kidogo, usiku kucha. Sijawahi kuona sensa inahangaika hivi.

Profesa akachungulia simu.

— Anatusikia tunavyomsema.

— Basi tumwombe radhi! Redio akasimama, akaligeukia geti. Marehemu, samahani sana! Tulia, fundi wetu asije akakosa kazi!

— Wewe, acha mzaha na wafu, Mama Kahawa akamkemea.

Fundi alikuwa ameinamia simu.

— Umenyooka, alisema. Jamani, mstari umenyooka. Kumi... sasa tisa na nusu. Unashuka wenyewe, hautikisiki tena.

Kisha Fundi akashusha pumzi, na furaha ikamjaa usoni.

— Kumbe ilitaka kuzoea tu! Nachagua ya shanga. Mama, waongezee wote, leo mimi ndiye mwenyeji.

Mwanamke mmoja, aliyefika kusubiri mwili wa mjomba wake, alikuwa ameketi mwisho wa benchi akiwasikiliza.

— Samahani, kaka zangu, aliuliza. Hiyo droo, tangu jana kuna mtu aliyeifungua akahakikisha aliyemo hapumui?

Mama Kahawa alishika birika hewani, hamimini wala haliweki chini. Fundi akaruka benchi na kukimbilia getini. Hakuna aliyemfuata.