Mis Elvanya, Bingwa wa Kukosea Majani

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, saa nane mchana, Mis Elvanya Teramèn atakabidhi funguo za kabati la dawa la Zahanati ya Savann Woch, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kadhaa ambazo mwenyewe anadai hazikuhesabiwa vizuri. Ameomba wasifu huu uwe mfupi na usiwe na uongo. Ufupi nitajitahidi.

Alikuja kutoka pwani akiwa msichana wa miaka ishirini na sita, akiwa na sanduku moja na mkataba wa miezi mitatu wa msaidizi wa muuguzi. Muuguzi aliyemkuta aliondoka Krismasi hiyohiyo. Aliyemfuata aliondoka Pasaka. Wamepita wauguzi kumi na mmoja tangu siku hizo, mimi ni wa kumi na mbili, na sote tumefundishwa kazi na msaidizi wetu. Amezalisha, ameshona majeraha ya mapanga, amechanja watoto ambao leo wanaleta watoto wao kuchanjwa, na ametembea kwa miguu kila njia ya mlima huu, sanduku la barafu la chanjo likiwa kichwani na viatu mkononi.

Mtu asiyemjua angedhani mafanikio hayo yalitokana na upole. Mis Elvanya si mpole. Ni mtundu, tena mtundu mwenye subira, na silaha yake kubwa ni kujua kila mtu ana fahari gani na pa kuigusa.

Mfano ni mizani. Siku za kupima watoto uzito zilikuwa hazina watu, maana akina mama walikuwa na shamba, na kufua, na soko. Mkuu wa zahanati wa wakati huo alipanga kuwahutubia kanisani. Mis Elvanya hakuhutubia mtu. Alikwenda sokoni Jumamosi, akanunua mihogo, na huku akitafuta chenji akamnong'oneza muuza ndizi za kukaanga kwamba inasikitisha, lakini watoto wa Laboul, ng'ambo ya korongo, wameonekana kuwa wazito kuliko wa huku. Jumatatu walifika watoto arobaini na wanne. Wawili kati yao walikuwa wamewekewa mawe kwenye nepi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Huku kila nyumba ina dawa zake nyuma ya jiko, na zinazoshindikana nyumbani hupelekwa kwa Mzee Filisten, mganga wetu wa majani, mtu mwenye heshima zake na kofia isiyovuliwa hata mvua ikinyesha ndani ya nyumba. Mgonjwa huanza kwa Mzee Filisten, kisha huja kwetu, na pengine mchana huohuo hurudi kwake ili asije akaudhika. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kwamba akifika kwetu na kuulizwa amekunywa nini, hujibu kwamba hajanywa chochote. Hujibu hivyo hata mdomo ukimnuka kitunguu saumu. Kosa ni letu, maana wauguzi tuliwagombeza mno, nao wakajifunza kwamba ukweli haulipi mbele ya mtu mwenye aproni nyeupe.

Mimi nilifika miaka tisa iliyopita, moja kwa moja kutoka chuoni mjini, nikiwa na fomu. Wiki ya pili akaletwa mtoto wa siku tano, macho yamezama, ngozi imelegea, hana hata nguvu ya kulia. Aliletwa na mama yake, msichana aliyekuwa haoni wala hasikii kwa hofu, na bibi yake, Bibi Sedonya, ambaye alikuwa akiona na kusikia kila kitu. Nikauliza kama mtoto amepewa kitu chochote. Maziwa ya mama tu, akasema bibi. Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio. Maziwa tu. Mara ya tatu nikasoma swali kutoka kwenye fomu.

Mis Elvanya akaingia akifuta mikono. Akamtazama mtoto, akaketi karibu na bibi, na badala ya kuuliza akaanza kusimulia habari za kwao. Kwao pwani, alisema, mtoto mchanga husafishwa tumbo kwa mafuta ya dukani, kikombe kizima, na chumvi ya mawe ya kutosha.

Bibi Sedonya alijizuia kwa muda mfupi sana.

"Chumvi? Kwa mtoto wa siku tano? Kwenu mnalea watoto au mnakausha samaki?" Kisha, kwa hasira ya fundi aliyetukaniwa kazi: "Mimi natia mafuta ya nyonyo niliyokamua mwenyewe, kungumanga, kitunguu saumu na maji ya danzi. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Chumvi, jamani."

Mis Elvanya akaniambia nichanganye dawa ya kurudisha maji mwilini, na siku ile nzima tukamnywesha mtoto kwa kijiko, yeye kijiko kimoja, mimi kimoja, na bibi kimoja. Alipolia tena kwa nguvu, bibi naye akalia. Hakuna aliyemgombeza. Mis Elvanya alimwambia tu kwamba mafuta mazuri kama yale ni hasara kuyapitisha tumboni kwa mtoto, na kwamba nywele za akina mama wanaojifungua hapa zinayahitaji zaidi. Tangu siku hiyo Bibi Sedonya huleta chupa ya mafuta kila mwezi na kuwasuka wanaojifungua, na kila mmoja humwambia mwenyewe kwamba tumbo la mtoto mchanga liachwe lilivyo. Miaka tisa sasa hatujapoteza mtoto kwa dawa ya kusafisha tumbo.

Lazima nikiri jambo hapa. Sikuelewa. Niliamini kabisa kwamba mwenzangu hajui majani. Kila alipoketi na mgonjwa alikosea: mchaichai aliuchemsha na maziwa, mrehani aliutia kwenye jeraha, mlonge alisema unaota baharini. Mwisho wa mwaka niliandika kwenye taarifa yangu kwa wilaya kwamba msaidizi Teramèn ni mchapakazi lakini ujuzi wake wa mimea ya asili ni duni na anapendekezwa kwa mafunzo. Wilaya wakakubali. Mis Elvanya alikaa kwenye semina siku tatu, akala chakula cha bure, akarudi na cheti. Cheti hicho kimetundikwa juu ya meza yangu, na amekataa kukiondoa.

Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Barua ya kwanza ilipofika alijibu kwamba hati yake ya kuzaliwa imeliwa na mbuzi, kwa hiyo umri wake haujulikani. Walipotaka ushahidi alimpeleka mbuzi. Barua ya pili aliirudisha akisema itakuwa ya Elvanya Teramèn mwingine, mwanamke mtu mzima. Tulicheka sana, mpaka siku nilipomuuliza kwa upole kwa nini asiende kupumzika, akaacha kukunja bendeji na kunijibu bila mzaha wowote.

"Mimi nikiondoka watawadanganya, na nyinyi mtaamini. Halafu mtazika mtoto wa mtu mkiwa na fomu iliyojazwa vizuri."

Kufikia wakati huo nilikuwa nimeshajua siri yake, kwamba hukosea makusudi ili asahihishwe, lakini kila nilipojaribu kukosea nilikosea vibaya, wagonjwa wakanihurumia na kunyamaza.

Barua ya tatu, mwezi Mei mwaka huu, ilikuja na mtego. Daktari mkaguzi angepanda kuja kumpima. Presha ikiwa nzuri, angeongezewa mwaka mmoja. Isipokuwa nzuri, basi. Sote tulijua presha ya Mis Elvanya huwa juu, na kwamba vidonge vyake huvimeza anapokumbuka.

Asubuhi ya siku ya ukaguzi alianguka. Alikuwa akining'iniza mizani, mara akakaa chini polepole, kisha akalala. Tulimbeba kitandani akiwa baridi, jasho linamtoka. Nilitarajia presha ya juu. Nilikuta themanini kwa hamsini.

Nje mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Wanaume wanane walikwisha kufika na machela, wamekunja suruali, na Mzee Filisten alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake. Kama ni moyo, ilibidi ateremshwe hospitali sasa hivi, saa nne za kutembea, na kuvushwa kwenye korongo lililokuwa likibeba magogo. Kama ni kitu alichokunywa, machela na mto vingeweza kumuua kabla ya ugonjwa, na dawa ilikuwa kulala, kuinua miguu, na kunywa. Kila kitu kilitegemea swali moja, na swali lenyewe ndilo lile ambalo halijawahi kujibiwa katika zahanati hii.

Nikamuuliza amekunywa nini. Kahawa tu, akasema bila kufumbua macho. Nikamuuliza tena, nikamwambia ukweli kwamba naogopa. Kahawa. Miaka thelathini na minne ya kuvua uongo wa watu, na mwenyewe alidanganya kama aliyefunzwa na Bibi Sedonya. Nilimgeukia Mzee Filisten, akatikisa kichwa. Hakuwa amempa kitu. Mkuu wa machela akauliza kama waondoke.

Ndipo nikafanya nililofundishwa. Nilimwambia Mzee Filisten, kwa sauti ya mtu anayepiga soga, kwamba mimi pia presha yangu imeanza kupanda, na jioni nitajipikia majani ya mshelisheli. Nitachuma mabichi kabisa, yale ya juu kileleni, niyachemshe na sukari ya kutosha, sufuria wazi, mpaka jioni nyingine. Mzee Filisten akafungua kinywa kwa uchungu. Nikamkanyaga mguu.

Kitandani ikatoka sauti nyembamba.

"Mabichi? Unataka kuua watu? Yanaokotwa chini, yakishakuwa manjano. Matatu. Na ya mstafeli saba, na kifuniko kinakaa juu. Sukari ya nini, unapika uji?"

Nikasema labda, lakini sufuria moja haiwezi kutosha presha kama yangu.

"Mimi jana nimekunywa mbili, na alfajiri moja, juu ya vidonge vya wiki nzima ambavyo sikuwa nimemeza, na..."

Akafumbua jicho moja, akaniangalia.

Machela ikawekwa chini. Tukaweka matofali chini ya miguu ya kitanda na kumnywesha kwa kijiko, mmoja mmoja, kama tulivyomnywesha yule mtoto. Wale wanaume wanane, kwa kuwa walikwisha kulowa, walibaki ukumbini wakicheza domino na kugombana. Saa sita ilikuwa tisini kwa sitini. Saa tisa, mia na kumi kwa sabini, na wakati huohuo daktari mkaguzi akaingia, tope mpaka magotini, akampima, akashangaa, akasema kwamba kwa umri wake hii ni presha ya msichana na haoni kwa nini asiongezewe mwaka.

Hakuna aliyemwambia daktari habari za asubuhi. Hata Mzee Filisten alitazama dari. Mwaka aliokuwa akiupigania tangu habari za mbuzi ulikuwa mezani mbele yake, umeandikwa, unasubiri mhuri tu.

Mis Elvanya aliomba kalamu, na akaomba ile karatasi nyingine, ya kustaafu. Daktari akamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa vizuri sana, akatia sahihi akiwa amelala, na alipomrudishia kalamu akanionyesha kwa kidole.

"Huyu amenidanganya leo mpaka nimesema kweli. Naweza kwenda nyumbani."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, kwa sababu ambazo hazihusiani na wasifu huu.

Mis Elvanya, kwa niaba ya zahanati, ya Mzee Filisten anayekusamehe kwa yale uliyoyasema kuhusu mlonge, ya Bibi Sedonya, na ya watoto wote uliowatundika kwenye mizani, wakiwemo wenye mawe, asante. Nenda nyumbani, mama, ukapumzike, ulale mpaka jua liingie dirishani, na Mungu akupe siku nyingi kuliko zile unazodai hatukuzihesabu. Kila Jumatatu nitapita kukupima presha. Nitakuuliza umekunywa nini, na jibu lako la kwanza nitaliandika kwa penseli.

Mis Wozlò Dekat,
Muuguzi, Zahanati ya Savann Woch